Plafo ya Gari la Baba Mkubwa

Baba,

Barua zetu huanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako tu. Hii siwezi kuianza hivyo. Kwako sina hofu tena, uko mikononi mwa aliye mwema kuliko sisi sote. Hofu yote imebaki huku kwangu, na zimebaki siku tano.

Naandika nikiwa bandani, nimekaa kwenye kigoda chako, mlango nimeufungua nusu ili wapita njia wasidhani nimefungua kazi. Mbele yangu liko gari la Baba Mkubwa, na ndani halina dari. Ukichungulia unaona bati tupu na nyaya za taa zinaning'inia. Siku tano kabla eda ya Mama haijaisha, Baba, na nimebakiwa na kitambaa cha kubandika mara moja tu.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana haya hukuyaona.

Siku tuliyokuzika, ndugu zako wa Muyinga walichelewa. Walipiga simu wakasema wamepita Ngozi, kisha wakanyamaza, na watu wakaanza kuulizana kama tuwasubiri au tuswali. Ndipo gari likaingia. Mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Baba Mkubwa Saidi alikuwa mbele anaendesha, shingo ameikunja, kidevu kimegusa kifua. Nyuma wazee watatu, kila mmoja mkono juu. Kumbe kitambaa cha plafo, dari yote ya ndani, kiliwaangukia walipotoka tu Gashoho, kikawafunika vichwa, na njia yote mpaka Gitega walikuwa wanakishikilia kwa zamu, mmoja kwa bakora. Sponji ya nyuma ya kitambaa ilikuwa imeoza, imekuwa unga. Waliposhuka, kofia zao nyeupe na mabega ya kanzu vilikuwa na rangi ya chungwa.

Nilicheka, Baba. Kwenye maziko yako. Kicheko kilinitoka kabla sijakishika, nikajifunika mtandio nikajifanya nalia, na kweli nilikuwa nalia pia. Mama alinifinya mkono mpaka ukavimba. Lakini Baba Mkubwa alikuwa ameshaniona, na uso alionitazama nao bado ninao hapa mbele yangu ninapoandika.

Plafo ile uliibandika wewe mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita, na kila mteja ulikuwa unamwambia kwamba sponji haidumu zaidi ya miaka kumi. Hukukosea kitu. Lakini watu unawajua. Maji ya kunawia yalikuwa bado yanazunguka, tayari mtu amesema, "Fundi Haruna ameenda, na plafo zake zimemfuata." Wakacheka kidogo, kwa adabu. Mimi sikucheka mara hiyo.

Siku ya hitma, wakubwa walipokaa kuzungumza mambo ya familia, Baba Mkubwa alilisema lake. Unajua Kiswahili chake cha Kigoma, kinatoka kimenyooka, hata Mama akikisikia anakaa vizuri. Alisema, "Kazi ya marehemu ilikuwa plafo. Zaituni anajua kushona, na kushona kunaweza kufanyika nyumbani. Eda ya mama yake ikiisha, banda tutalipangisha, na cherehani itakuja Muyinga." Alikuwa amekwisha kuongea na mtu wa kuuza simu anayelitaka banda. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama alikuwa ndani, ameanza eda yake, hana ruhusa ya kutoka wala kusema mbele ya wanaume.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Unaujua mdomo wangu. Nilisimama mlangoni na sinia la vikombe nikasema, "Baba Mkubwa, niachie gari lako. Utakapokuja eda ikiisha utalikuta na plafo. Ikishika, banda libaki kwangu."

Mzee mmoja kofia yake bado ilikuwa na unga wa sponji. Baba Mkubwa alinitazama muda mrefu, nikajua anakumbuka kile kicheko. Kisha akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka kwenye sinia langu kati ya vikombe. "Haya," akasema. Akarudi Muyinga kwa basi.

Nilirudi jikoni na ule ufunguo kabla hawajaniuliza swali, Baba. Kwa sababu wewe na mimi tulijua jambo ambalo wao hawakulijua, kwamba plafo hukunifundisha.

Miaka kumi na sita nimekaa bandani nawe. Viti nashona mimi, mifuniko ya usukani nashona mimi, hata vile viti vya basi la shule tulivyovifanya wakati wa mvua, wewe uliongea na mimi nikashona. Kwenye plafo nilifungua taa ya ndani, nikatoa vizuia jua na vishikio, nikavuta mipira ya milango, tukautoa ule ubao wa dari unaobandikwa kitambaa, pamoja, kwa mlango wa nyuma bila kuuvunja. Nilikwangua sponji iliyooza mpaka pua ikajaa unga. Nilikata kitambaa. Lakini ukifungua mkebe wa kole tu, harufu ya gundi ikatoka, unasema, "Bon, Zaituni, nenda kashone." Kila mara. Nami naenda kwenye cherehani, kule pembeni, na wewe unanigeuzia mgongo.

Nilidhani unamwekea Hamisi. Nitakuambia wazi, maana sasa huwezi kuninunia. Nilidhani kazi yenyewe, ile ya kubandika, unamwekea kaka yangu siku atakapoamua kurudi kutoka Bujumbura, na mimi ni wa kushona mpaka niolewe. Hamisi hakurudi na mimi sikuolewa, na bado ulisema nenda kashone. Nimelala na neno hilo miaka mingi.

Lakini macho yangu hukuyafunga. Nilikuwa naona. Unapaka kole kwenye ubao, unapaka nyuma ya kitambaa, nusu kwanza, nusu nyingine umeikunja. Kisha unakaa hapa kwenye kigoda, unatoa tasbihi yako mfukoni na kuanza uradi. Husemi na mtu. Ukimaliza, unainuka, unakiteremsha kitambaa na kukibonyeza kwa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni, na kinashika. Saa hukuwahi kutazama. Mafundi wengine wa sokoni wanabandika kwa kubahatisha na magari yao yanarudi baada ya mwezi. Yako hayakurudi. Watu walisema ni baraka ya uradi, nawe hukukataa.

Basi nami nikafanya kama wewe. Mama alikuwa amenipa tasbihi yako, ameisafisha vizuri, shanga zinang'aa. Nilipaka kole. Nikanawa mikono kwa esansi ya gari kuitoa kole, kisha kwa sabuni, kisha nikatawadha, maana sikuona adabu kuishika tasbihi yako na uchafu wa kazi. Nikakaa, nikasoma mizunguko mitatu, kwa sababu nilikumbuka mara nyingi ilikuwa mitatu. Nikainuka nikabandika.

Kole ilikuwa bado mbichi. Ikapenya kwenye sponji ikatokea upande wa pili, madoa meusi juu ya kitambaa kizima. Nilijua kosa langu, au nilidhani najua. Tangu tukusomee tahlili vidole vyangu vimekuwa na haraka. Siku ile tulikuwa wengi, kila mtu anahesabu ili tufike idadi, na mimi nikawa nazivuta shanga mbiombio, nataka iishe, kwa sababu ikiisha watu wataondoka na mimi nitaweza kulia vizuri. Tangu siku hiyo nikishika tasbihi naenda mbio. Nikasema, basi hii ndiyo sababu, mizunguko yangu mitatu ni sawa na mmoja na nusu wako.

Nikanunua kitambaa kingine. Mara ya pili nilisoma mizunguko saba, polepole, nikijilazimisha. Siku hiyo jua lilikuwa kali. Kitambaa kilishika vizuri, nikakipiga kiganja, nikakipenda. Asubuhi nilipofungua banda nilisikia sauti, kama mtu anachana karatasi taratibu. Kilikuwa kinajitoa chenyewe kutoka kona ya nyuma. Kole ilikuwa imekauka mno kabla sijabandika.

Kwa hiyo si mitatu, na si saba. Ni mingapi, Baba? Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kinauma. Mara nyingine ulikuwa unasoma miwili ukainuka. Mara nyingine minne, na mimi kule kwenye cherehani nasema moyoni, leo mzee ana jambo anamwomba Mungu. Dukani kimebaki kipande kimoja tu cha rangi ile ya kijivu, nimekichukua, kiko hapa kwenye magoti yangu. Sithubutu kukikata.

Nimekuwa mwenda wazimu kidogo. Nikipanda gari la mtu, naangalia juu. Juzi nilimsalimia imamu nikitazama dari. Nimefikiria kumpigia Baba Mkubwa nimwambie nimeshindwa, achukue banda, achukue cherehani, na nusu ya moyo inaona hiyo ni raha. Ndiyo maana nakuandikia. Sijui nimwandikie nani mwingine. Na nimekukasirikia, Baba. Usiniambie nisikukasirikie. Kitu kimoja, ungenionyesha mara moja tu…

Mama anatuma mtu kuniita. Nitamalizia baadaye.

*

Naendelea. Zimepita wiki tatu, usishangae. Nitakuambia yote kwa mpangilio.

Mama hakuwa ananiitia neno kubwa. Alitaka nimletee mkaa. Lakini nilipoingia jikoni na mfuko wa mkaa akanishika mkono akaugeuza. Vidole vilikuwa vimepasuka, vingine vinatoka damu. Akauliza, "Mikono yako imekuwa namna gani hivi?" Nikamwambia ni esansi na sabuni, nanawa sana kabla ya kushika tasbihi.

Mama akaanza kucheka. Baba, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kunawa? Baba yako hakunawa hata siku moja, sha. Ile tasbihi mi nimeikwangua kwa kisu siku mbili nzima kabla ya kukupa. Ilikuwa imejaa kole, shanga zimeshikana, ukiivuta haiendi. Miaka yote namwambia, we unamtaja Mungu na mikono iko michafu, huna haya? Ye anacheka tu."

Nilikaa chini pale jikoni, mkaa mapajani.

Nilirudi bandani karibu nikikimbia. Nikachukua kipande cha ubao wa zamani, nikakipaka kole, na mara hii sikunawa. Vidole vyangu viwili vilikuwa na kole ileile, ya brosi ileile. Nikachukua tasbihi yako nikaanza. Ushanga wa kwanza haukutaka kuniachia. Niliuvuta na uzi wa kole ukaja nao. Wa pili vilevile. Nilitaka kwenda mbio kama kawaida yangu na sikuweza, kila ushanga ulinishika kidole nikalazimika kulitaja jina la Mungu mpaka mwisho. Nikamaliza mzunguko mmoja hivyo, kwa taabu. Wa pili shanga zikaanza kulegea. Katikati ya wa tatu shanga zikawa zinateleza, zinapita tu, hazichukui kitu kutoka kidoleni. Nikaugusa ubao. Haukunipaka. Nikaweka kipande cha kitambaa juu yake, nikabonyeza, kisha nikavuta kwa mikono miwili na mguu. Hakikutoka.

Nikajaribu tena nje juani, nikainuka kabla mzunguko wa pili haujaisha. Nikajaribu asubuhi ya ukungu, ikawa minne na kidogo. Kila mara kikashika. Hukuwa unahesabu, Baba. Vidole vyako vichafu ndivyo vilivyokuwa vinakuambia kole imeiva, na mimi kwa adabu zangu zote nilikuwa navinawisha visiseme.

Siku ya nne nilikata kile kipande cha mwisho. Mkasi uliniheshimu. Nilibandika nusu ya kwanza, kisha ya pili, nikakunja kingo, nikarudisha ubao kwa msaada wa muuza viatu wa jirani, nikafunga taa na vishikio na mipira ya milango. Kisha nikalisukuma gari juani, madirisha yote yamefungwa, na nikalitazama mpaka alasiri. Hakuna kilichotokea. Hilo halikunituliza hata kidogo. Mara ile ya pili niliyoharibu, mwanzoni pia hakuna kilichotokea.

Baba Mkubwa alikuja siku Mama alipotoka eda. Alikula, akamsalimia Mama, akauliza habari za kila mtu, kisha akaja bandani. Alifungua mlango wa gari, akatazama juu, akafunga. Hakusema zuri wala baya. Nikamwuliza kama anaridhika. Akasema, "Hapa Gitega limesimama. Gari lililosimama hata kamba inaweza kushika dari yake. Panda, twende Muyinga. Kikianguka, kituangukie wote."

Nikapanda nyuma. Sikuiona njia, Baba. Nimeambiwa Bugendana kulikuwa na soko na kwamba tulipishana na malori ya ndizi, mimi nilikuwa naangalia kitambaa cha kijivu juu ya kichwa changu. Kila shimo la barabarani nililisikia kwenye meno. Baba Mkubwa hakunisemesha hata neno moja, na mimi nikasema moyoni, bado anakumbuka nilivyocheka. Tulipofika Gashoho, pale pale kilipowaangukia, akasimamisha gari akaenda kuswali adhuhuri. Alifunga madirisha yote. Aliyafunga kwa makusudi, nilimwona. Jua lilikuwa utosini. Mimi siku hizo sikuwa na swala, nikabaki ndani, mlango umefungwa, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, macho juu. Watu walipita wakanichungulia, mama mmoja akagonga kioo kuuliza kama mi ni mgonjwa. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba ça va, niko sawa. Pale, ndani ya lile joto, nilikusema vibaya. Nilisema, kama ni vidole tu, kama ni jambo dogo kiasi hiki, kwa nini ulininyima? Ungeniambia Zaituni usinawe, maneno mawili tu, leo nisingekuwa naiva hapa. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika.

Kitambaa hakikutikisika.

Muyinga alinishusha nyumbani kwake, akamwambia mkewe anipe maji, na yeye hakuzima gari. Akageuza akaondoka. Mama Mkubwa akaniambia ameenda Butihinda, kwenye ile barabara ya udongo inayovunja hata baiskeli. Alikuwa ameniambia Muyinga, na nilidhani mtihani umekwisha. Nilikaa uani nikawa nautawanya ugali sahanini bila kuula. Kila gari lililopita nilisimama. Mama Mkubwa akasema, "We utavunja kiti cha watu, kaa." Nikakaa, nikasimama.

Alirudi karibu na magharibi, gari lote jekundu kwa vumbi, na yeye ndani yake mwekundu vilevile. Akashuka taratibu. Kofia yake ilikuwa imekaa sawasawa kichwani.

"Banda ni lako," akasema. "Cherehani haitoki Gitega. Mtu wa simu nitaongea naye mwenyewe."

Nikamkunjulia mkeka bila kumtazama usoni. Akadhani namwogopa. Akakaa karibu nami, akavua viatu, akasema hakunisemesha njiani kwa sababu alikuwa anaisikiliza plafo. Kisha akauliza, "Nani alikufundisha? Maana Haruna aliniambia hatakufundisha."

Nikasema, kumbe alikuambia.

Baba, nakuandikia alichosema kama alivyokisema, usinikane. Alisema siku ulipolibandika gari lake, miaka ile kumi na miwili iliyopita, alikuuliza kwa nini unanifukuza kole ikifunguliwa. Nawe ukamjibu, "Nimfundishe nini, kaka? Mi sijui kitu. Mi napaka, nasoma uradi, na Mungu anaishika. Nikimwonyesha, na kwake ikaanguka, atasema Mungu hakumsikia. Mtoto anaogopa yule, atavunjika. Na mi mwenyewe kila gari likitoka hapa sipati usingizi, nasema leo ndiyo siku ataacha kunisikia."

Nilimwomba Baba Mkubwa arudie. Akarudia.

Hukujua. Miaka yote ile, ulikuwa hujui. Ulikaa kwenye kigoda na vidole vyako vichafu, vikakuambia kila kitu, na ulidhani ni Mungu peke yake anayesema, na ukaogopa siku atakayonyamaza. Mimi nilidhani woga huu nimeutoa kwa Mama. Niliutazama mgongo wako miaka kumi na sita nikadhani ni mgongo wa mtu anayeficha kazi yake, kumbe ni mgongo wa mtu mwenye hofu ambaye hataki mwanawe amwone. Kazi hukuninyima. Ulininyima hofu tu, na hiyo nilikuwa nayo tayari.

Nililia uani kwa Mama Mkubwa mpaka watoto wa jirani wakaja kutazama. Baba Mkubwa alinipigapiga begani, hajui afanye nini. Kisha nikamweleza habari ya shanga, na vidole, na kunawa kwangu. Kisha huyo Baba Mkubwa wetu, na Kiswahili chake kilichonyooka, akacheka mpaka akajilaza kwenye mkeka. Nami nikacheka. Nadhani sasa tumelipana kile kicheko cha maziko.

Sisemi uradi wako haukuwa na baraka. Mama amenikataza kusema hivyo, na mwenyewe siamini hivyo. Nasema tu laiti ungejua. Ungelala usingizi, Baba. Magari mangapi yametoka hapa, na kila moja umelikesha bure. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kuliko hata kufa kwako, maana kufa tutakufa, lakini usingizi ulikuwa wako na hukuupata.

Unisamehe niliyosema Gashoho. Nimekusamehe yale ya nenda kashone.

Sasa nikuage, maana nina kazi. Kuna mwalimu mmoja wa Mutoyi ameniletea gari lake, plafo yake imeshuka mpaka anaendesha amevaa kofia ya pikipiki. Ubao uko mbele yangu kwenye meza, nimeupaka kabla ya kushika kalamu leo, ndiyo maana karatasi hii ina alama za vidole kila mahali. Nimeamua leo uradi niusome moyoni na mkono ukuandikie. Mwanzoni kalamu ilikuwa inanishika, herufi zilikuwa zinatoka zimevutwa.

Nakuahidi mambo mawili. Atakayekuja kuniuliza kole inaiva lini, awe nani, nitamwonyesha vidole vyangu, sitamwambia nenda kashone. Na gari likitoka hapa nitalala. Bado sijaweza, nitakuwa mkweli, la Baba Mkubwa bado naliota. Lakini najifunza, na usiku nitakaoweza kulala mpaka asubuhi nitakuhesabia na wewe.

Pumzika, Baba. Hakuna plafo yako hata moja iliyoanguka kabla ya wakati wake.

Kalamu imeniachia. Nainuka kubandika.

Mwanao,
Zaituni